Usawa wa Kipimo na Usawa wa Matumizi: Tahakiki ya Uandishi wa Muziki katika Migawanyo Sawa ya Oktavu kwa Kurejelea Kilosa na Mikumi

IKISIRI

Tahakiki hii inachunguza namna migawanyo sawa ya oktavu, yaani mipangilio ya sauti ambamo oktavu hukatwa katika hatua zinazolingana, inavyotumiwa katika kunukuu na kutunga muziki wa Afrika Mashariki. Swali linaloongoza mjadala ni hili: anayenukuu nyimbo za Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa Kilosa na Mikumi atumie mizani ipi ya sauti, na mizani hiyo inasema nini kuhusu muziki wenyewe? Kwa kulinganisha maandishi kuhusu amadinda ya Buganda, skeli ya Wagogo inayotokana na harmoniki, na kazi za watunzi watatu, inajengwa hoja kwamba usawa wa hatua una sura mbili: usawa wa kipimo, unaoonekana kwenye senti, na usawa wa matumizi, unaoonekana katika yale ambayo wanamuziki hufanya kwa sauti zao. Kuchanganya sura hizi mbili kumezaa nukuu zinazosahihisha waimbaji badala ya kuwasikiliza. Inapendekezwa kwamba unukuzi utanguliwe na majaribio mawili mepesi kabla ya mizani yoyote kuchaguliwa.

1.0 UTANGULIZI

Kila mfumo wa kuandika muziki ni dai kuhusu sauti. Mwalimu wa kwaya anapoandika d r m s l ubaoni, amekwisha kudai kwamba kutoka d hadi r pana umbali uleule uliopo kutoka r hadi m, na kwamba kutoka m hadi s pana umbali mkubwa zaidi. Kwa senti, kipimo ambacho hugawa oktavu katika sehemu 1200, hatua hizo ni 200, 200, 300, 200 na 300. Mwalimu hakusema lolote kuhusu senti, wala hakuhitaji kusema. Mfumo ulisema kwa niaba yake.

Katika tasnifu za muziki wa asili dai hili hupita kimyakimya. Mtafiti hurekodi wimbo, huusikiliza, huuandika kwa solfa au kwa mistari mitano, kisha huuchambua kwa kutegemea alichoandika. Msomaji anayekuja baadaye hana rekodi. Ana karatasi tu. Akikuta skeli ya ngazi tano ya kawaida, atahitimisha kwamba wimbo una skeli ya ngazi tano ya kawaida, ilhali huenda hitimisho hilo liliwekwa na kalamu wala halikutoka kinywani mwa mwimbaji.

Baadhi ya wahakiki wamejibu kasoro hii kwa kupendekeza mizani nyingine: mgawanyo sawa wa hatua tano zenye senti 240 kila moja, au wa hatua saba zenye senti 171 na ushei. Pendekezo hili lina mvuto, kwa kuwa linaonekana kuuondoa muziki wa Kiafrika chini ya kinanda cha Ulaya. Tahakiki hii inalipima pendekezo hilo kwa ukali uleule ambao solfa imepimwa nao, na inaonyesha kwamba dawa iliyofaa Buganda inaweza kuwa sumu maili chache magharibi ya Kilosa.

2.0 KILOSA NA MIKUMI KATI YA MIPANGILIO MIWILI YA SAUTI

Uteuzi wa Kilosa na Mikumi unatokana na nafasi ya maeneo haya katika ramani ya muziki. Kaskazini mwa wilaya wamo Wakaguru, katikati Wasagara, na kusini, kuelekea Mikumi na bonde la Ruaha Mkuu, Wavidunda. Magharibi, baada ya Gairo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi mwaka 2012, mtu anaingia Ugogo. Reli ya Kati hupita Kilosa mjini, na tawi lake huteremka kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mikumi yenyewe ipo katika barabara kuu iendayo Zambia. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na vitongoji vyake yaliwaleta vibarua kutoka mikoa mingi, nao walikuja na ngoma zao.

Juu ya mchanganyiko huu uliwekwa mfumo mmoja wa maandishi. Misheni ya Mamboya, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika karne ya 19, na zile zilizofuata, za Kiprotestanti na za Kikatoliki, zilileta nyimbo zilizokwisha kuandikwa. Solfa, iliyoenezwa Uingereza na John Curwen, ilikuwa rahisi kufundishwa: haihitaji mistari, haihitaji kinanda, inaandikwa kwa herufi za kawaida. Mpaka leo ndiyo maandishi ya muziki yanayosomwa na wanakwaya wengi wa Tanzania. Kwa hiyo mtafiti anayeandika wimbo wa Kividunda kwa solfa hafanyi ubeberu. Anaandika kwa hati ambayo watu wa Mikumi wenyewe wanaweza kuisoma. Jambo hili litakuwa na uzito tutakapofikia mapendekezo.

Ipo pia hoja ya ujirani. Muziki uliopimwa na kuandikwa kwa kina kuliko wote katika eneo la jirani ni wa Wagogo, ambao lugha yao imewekwa katika kundi moja na Kikaguru kwenye uainishaji wa Malcolm Guthrie. Gerhard Kubik ameeleza kwamba skeli ya Wagogo inatokana na harmoniki, yaani zile sauti zinazopanda kutoka sauti moja ya msingi kwa uwiano wa namba kamili: mara nne, mara tano, mara sita, na kuendelea hadi tisa. Skeli hiyo ndiyo iliyosikika ulimwenguni kupitia marimba ya vidole na zeze za Hukwe Zawose, mzaliwa wa Ugogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na aliyefariki mwaka 2003. Si skeli ya hatua sawa. Mizani ya hatua sawa imetoka mbali zaidi, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, nasi hatuna budi kufika huko ili kuona ilithibitishwaje.

3.0 KUTOKA SENTI YA ELLIS HADI MIKO YA BUGANDA

Alexander Ellis alipochapisha mwaka 1885 utafiti wake kuhusu skeli za mataifa mbalimbali, alileta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni senti, kipimo kilichowezesha skeli yoyote kulinganishwa na nyingine. La pili ni hitimisho kwamba skeli hazitokani na sheria moja ya maumbile. Watu wamezipanga kwa njia nyingi. Jambo la pili lilikuwa ukombozi. Jambo la kwanza lilikuja na mtego wake: kwa kuwa senti yenyewe ni sehemu ya mgawanyo sawa, kila skeli iliyopimwa kwa senti huonekana kama mkengeuko kutoka kwenye mgawanyo sawa fulani.

Mtego huu unaonekana kwa A. M. Jones, aliyejenga mwaka 1964 hoja ya asili ya Kiindonesia ya marimba za Afrika, moja ya nguzo zake ikiwa ni kufanana kwa hatua zilizopimwa. Namba mbili zikikaribiana, historia nzima ilijengwa juu yake. Jones hakuuliza wapigaji wanafanya nini na hizo hatua.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Uganda jijini Kampala, alichapisha mwaka 1950 makala fupi katika jarida la Nature kuhusu kinubi cha Kiganda kilicholinganishwa kwa hatua zinazokaribia kuwa sawa. Ndiyo makala inayorejelewa zaidi kila inapodaiwa kwamba Buganda ina mgawanyo sawa wa hatua tano. Hata hivyo, vipimo vilivyofuata vya ala mbalimbali havikutoa senti 240 kwa kila hatua. Vilitoa hatua zilizotawanyika kandokando ya namba hiyo. Mhakiki anayesimama kwenye kipimo peke yake hapa hukwama: akisema hatua ni sawa, ala zinampinga, akisema si sawa, hana maelezo ya kwa nini zinatawanyika karibu na namba hiyo hiyo.

Njia ya kutoka ilioneshwa na kazi ya Kubik, aliyejifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda na kuchapisha uchambuzi wake wa kwanza mwaka 1960. Amadinda ina mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana na kupishanisha mapigo yao, mmoja akipiga okunaga na mwingine okwawula, kila mmoja akiongeza sauti ya pili kwa oktavu. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, hukaa kwenye mbao mbili za juu na kurudia, oktavu mbili juu, sauti zinazoangukia mbao mbili za chini kabisa. Wimbo mmoja unaweza kuhamishwa mbao moja juu au chini, na kuhamishwa tena, mpaka nafasi zote tano zimetumika. Waganda huita nafasi hizi miko. Wimbo uliohamishwa hutambuliwa kuwa wimbo uleule.

Ushahidi wa usawa umo katika utaratibu huu. Tuchukue skeli ya d r m s l na tuhamishe kipande cha d r m ngazi moja juu. Hatua zilizokuwa senti 200 na 200 zinakuwa senti 200 na 300. Sikio lililozoea tofauti ya hatua hizo litasikia wimbo mwingine, au angalau hali nyingine ya wimbo huo. Waganda hawasemi hivyo. Utaratibu wa miko unachukulia hatua zote kuwa za aina moja, hata pale ambapo kipimo kinaonyesha tofauti ya senti 20 au 30. Tuuite huu usawa wa matumizi. Fundi hahitaji kufikia 240 kamili. Anahitaji kuepuka tofauti ambayo ingefanya nafasi moja isikike kuwa ngeni. Utafiti wa Simha Arom katika Afrika ya Kati, uliowapa wapigaji wa marimba kinanda cha umeme kilichoweza kubadilishwa sauti, ulielekea huko huko: wanamuziki walikubali mipangilio kadhaa iliyotofautiana kuwa inafaa.

Mfumo wa kuandika aliotumia Kubik unafuata mantiki hiyo. Aliandika namba 1 hadi 5, pamoja na nukta kwa mapigo yaliyo matupu. Namba hazidai senti yoyote. Zinasema tu ni ubao upi, na kuhamisha wimbo katika miko ni kuongeza moja kwa kila namba. Nguvu ya maandishi haya ni unyamavu wao. Udhaifu wao ni huohuo: namba 1 hadi 5 zikiandikwa kwa ajili ya muziki ambao hatua zake hazibadilishani, msomaji atadhani zinabadilishana, kwa kuwa namba zote zina sura moja. Ndipo tunaporudi kwa majirani wa Kilosa.

4.0 SKELI YA WAGOGO MBELE YA MIZANI TATU

Tuiweke skeli ya harmoniki katika oktavu moja, kuanzia harmoniki ya sita: 6, 7, 8, 9, 10, na 12 ikiwa oktavu ya mwanzo. Harmoniki ya 10 ni oktavu ya ile ya tano, hivyo hakuna kigeni kilichoongezwa. Hatua zake kwa hesabu ni senti 267, 231, 204, 182 na 316. Wastani wake, kama wa skeli yoyote ya ngazi tano, ni 240. Wastani huu unapotosha. Hatua ndogo kabisa na hatua kubwa kabisa zinatofautiana kwa senti 134, zaidi ya nusutoni nzima.

Kipimo cha hatua peke yake, hata hivyo, kingeturudisha kwa Jones. Tuulize badala yake swali la matumizi: sauti ya pili inafanya nini? Katika uimbaji wa Wagogo, kwa maelezo ya Kubik, sauti ya pili hupatikana kwa kuruka ngazi moja: aliye kwenye 6 anafuatana na aliye kwenye 8, aliye kwenye 7 na aliye kwenye 9, na kadhalika. Umbali unaopatikana kwa hesabu ni 498 (6 na 8), 435 (7 na 9), 386 (8 na 10), 498 (9 na 12) na 583 (10 na 14). Kwa lugha ya mwalimu wa kwaya, tunapata nne mbili, tatu mbili zisizolingana na nne moja iliyopanuka. Umbo la uimbaji huo wa pamoja limo katika utofauti huu: mahali fulani sauti mbili zinakaa wazi, mahali fulani zinakaribiana, na msikilizaji anajua yupo wapi katika skeli kwa kusikia tu upana wa sauti mbili.

Sasa tuipitishe skeli hii katika mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni mgawanyo sawa wa hatua tano. Humo kila kuruka ngazi moja ni senti 480. Jozi zote tano zinakuwa kitu kimoja. Jozi ya 8 na 10 inapanuliwa kwa senti 94, na ile ya 10 na 14 inafinywa kwa senti 103. Kilichofutwa si rangi ya juujuu. Ni taarifa ile iliyomwambia msikilizaji yupo wapi.

Mizani ya pili ni solfa. Tukiiita harmoniki ya nane d, basi 9 ni r, 10 ni m, 12 ni s, na harmoniki ya saba inakuwa ta, yaani t iliyoshushwa. Jozi zinaandikwa s na d (500), ta na r (400), d na m (400), r na s (500), m na ta (600). Mpangilio wa upana umehifadhiwa karibu wote. Kilichopotea ni tofauti kati ya 435 na 386, ambazo zote zimekuwa 400. Lakini haya yanategemea uamuzi mmoja. Harmoniki ya saba ipo senti 231 chini ya d. Ta ipo 200 chini, na l ipo 300 chini. Mnukuzi aliyefundishwa kwamba nyimbo za Kiafrika zina d r m s l ataisikia kuwa l, ingawa l iko mbali nayo kwa senti 69 na ta kwa senti 31 tu. Akiandika l, jozi ya m na ta iliyokuwa pana inageuka kuwa m na l ya senti 500, na wimbo mzima umebadilishwa umbo kwa herufi moja.

Mizani ya tatu ni mgawanyo sawa usio wa kawaida kabisa: hatua 31. Christiaan Huygens aliuandikia mwaka 1691, na katika karne ya 20 Adriaan Fokker aliutengenezea kinanda cha kanisa huko Uholanzi. Kila hatua yake ni senti 38.7. Harmoniki 8, 9, 10, 12 na 14 zinaangukia hatua 0, 5, 10, 18 na 25. Kosa kubwa ni senti 10, kwenye harmoniki ya tisa; kwenye ya 10 na ya 14 kosa ni la senti moja hivi. Jozi zetu zinakuwa na upana wa hatua 13, 11, 10, 13 na 15. Hakuna tofauti iliyofutwa.

Matokeo haya yanapindua matarajio. Mizani iliyosifiwa kuwa ya Kiafrika, ya hatua tano sawa, ndiyo inayoudhuru muziki wa Wagogo kuliko zote. Solfa ya misheni inaudhuru kidogo, ilimradi mnukuzi asiiogope ta. Mizani ya Mdachi wa karne ya 17, isiyokuwa na uhusiano wowote na Ugogo, ndiyo inayouhifadhi vizuri zaidi. Na tukigeuka Buganda, mambo yanageuka: hatua tano sawa zinahifadhi miko, ilhali solfa inaziharibu. Kwa hiyo sifa ya mizani haitokani na bara ilikozaliwa. Inatokana na kama inahifadhi tofauti ambazo wanamuziki wanazitumia na kunyamazia zile wasizozitumia.

5.0 WATUNZI WATATU NA SWALI LA USAWA

Tofauti kati ya kipimo na matumizi inasaidia pia kuhakiki tungo.

Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951, alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa ajili ya ala nne za nyuzi. Sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu Pieces of Africa ya mwaka 1992, nayo ndiyo iliyowafikishia wasikilizaji wengi wa nje fikra za utunzi wa Kiganda. Ala za nyuzi zinaweza kutoa senti 240 bila shida, kwa kuwa kidole huwekwa popote. Hata hivyo mistari mitano haiwezi kuliomba hilo bila alama ya ziada, na mpigaji aliyefundishwa katika hatua 12 akiona ngazi tano atazipiga kwa senti 200 na 300. Tamusuza alipata wapigaji, kumbi na wasikilizaji. Upishanaji wa mapigo ulivuka salama. Kilicho hatarini ni kuhama kwa wimbo, kwa sababu kila kuhama kwenye hatua zisizo sawa kunasikika kama kubadili hali. Hii ndiyo gharama ya kutumia hati ambayo ulimwengu unaisoma, na mtunzi wa Kilosa atakabiliwa na gharama ileile.

György Ligeti, aliyezisoma kazi za Kubik na Arom katika miaka ya 1980, alikwenda njia nyingine. Katika Désordre, ya kwanza kati ya etyudi zake za piano za mwaka 1985, mkono wa kulia umepewa vibonyezo vyeupe, yaani ngazi saba, na wa kushoto vibonyezo vyeusi, yaani ngazi tano. Kipande cha mkono wa kulia hupanda ngazi moja kila kinaporudiwa, na cha kushoto huteremka. Hatua hazilingani zote kwa senti, lakini utaratibu unachukulia kila ngazi kuwa sawa na nyingine. Ligeti ameufikia usawa wa matumizi bila usawa wa kipimo, juu ya ala ya hatua 12. Mhakiki akipima etyudi hii kwa senti hatakuta chochote cha Kiganda ndani yake. Akifuata utaratibu wake atakutana na kitu kinachofanana sana na miko.

Easley Blackwood wa Marekani anasimama upande wa pili. Etyudi zake kumi na mbili za mwaka 1980 zinapitia kila mgawanyo sawa kuanzia hatua 13 hadi 24, etyudi moja kwa kila mgawanyo, zikitolewa kwa sinthesaiza. Usawa wa kipimo ni kamili. Alichokitafuta ndani yake, hata hivyo, ni kodi na miendo inayokumbusha muziki wa Ulaya wa hatua 12. Blackwood hakukosea, kila mtunzi ana haki ya kuuliza swali lake. Lakini kazi yake ni kinyume kizuri cha amadinda: hatua ni sawa kabisa, na bado zinatumiwa kana kwamba kila moja ina kazi yake mahususi.

Kwa watatu hawa inathibitika kwamba usawa wa kipimo hauzai usawa wa matumizi, na wala hauhitajiwi nao.

6.0 ATHARI KWA UNUKUZI NA UTUNZI WA KILOSA NA MIKUMI

Hoja iliyojengwa inadai kwamba mnukuzi asichague mizani kabla ya kuuliza wanamuziki wanatumia tofauti zipi. Majaribio mawili yanatosha kuanzia.

La kwanza ni la kuhamisha, nalo linafaa pale penye ala yenye sauti zilizokwisha kupangwa, kama marimba au zeze. Mpigaji aombwe kupiga wimbo uleule kuanzia ngazi nyingine ya ala yake, kisha aulizwe, na wasikilizaji waulizwe, kama ni wimbo uleule. Kwa waimbaji wasio na ala jaribio hili halina maana, kwa kuwa sauti ya binadamu huanza popote na kubeba hatua zake zote pamoja nayo.

Kwao linafaa jaribio la pili, la sauti ya pili. Waimbaji wawili waimbe pamoja kwa namna wanayoizoea, na mnukuzi apime upana kati yao kwenye kila ngazi, katika marudio kadhaa. Upana ukiwa mmoja kila mahali, ndani ya mtawanyiko wa marudio, kuna dalili ya usawa. Upana ukibadilika kwa utaratibu uleule kila mara, ngazi hazibadilishani, na maandishi ya namba tupu yatapotosha. Pande zote mbili za jaribio zina thamani sawa. Hakuna sababu ya kudhani mapema kwamba Wavidunda wa Mikumi wanafuata Ugogo kwa kuwa ni majirani, wala kwamba Wakaguru wanaimba hatua sawa kwa kuwa ni Waafrika.

Baada ya hapo maandishi yawe na tabaka mbili. Tabaka la juu libaki solfa, kwa sababu iliyotajwa katika sehemu ya 2.0: ndiyo hati ambayo wenye nyimbo wanaisoma, na nukuu isiyoweza kurudishwa kijijini ni bidhaa iliyosafirishwa nje. Tabaka la chini liwe mstari mmoja mwanzoni mwa wimbo, unaotaja kila ngazi iliyotumika na umbali wake kwa senti kutoka sauti ya msingi, pamoja na mtawanyiko wake. Skeli ya harmoniki, kwa mfano, ingeandikwa hivi: r juu kwa 4, m chini kwa 14, s juu kwa 2, ta chini kwa 31. Maelezo haya yanachukua nafasi ndogo kuliko kichwa cha wimbo, na yanamzuia msomaji kudhani kwamba herufi zinasema kila kitu.

Mtunzi naye anaweza kuutumia mstari huo huo. Baadhi ya vinanda vya umeme vinavyotumiwa na kwaya vina sehemu ya kurekebisha kila moja ya sauti 12 kwa senti kadhaa juu au chini. Namba nne zilizotajwa hapo juu zikiwekwa humo, kinanda kinafuata harmoniki badala ya kuilazimisha kwaya imfuate yeye. Hata mgawanyo sawa wa hatua tano unapatikana kwa njia hiyo: d ibaki ilivyo, r ipandishwe 40, f ishushwe 20, s ipandishwe 20 na ta ishushwe 40. Kwa hiyo hoja ya kwamba mipangilio hii haiwezekani bila ala za gharama haina mashiko. Kinachohitajika ni mtunzi kujua anaandikia mpangilio upi, na kwa nini.

Kwa watahini, athari ni moja na nyepesi kuitekeleza. Nukuu ya wimbo katika tasnifu ichukuliwe kama data iliyochakatwa, na mchakato wake uulizwe kama unavyoulizwa mchakato wa hojaji au wa sampuli. Mtahiniwa anayeandika l mahali penye ta, au 3 mahali ambapo 3 na 4 hazibadilishani, ametoa dai la kinadharia, na anapaswa kulitetea.

7.0 HITIMISHO

Tahakiki hii imeonyesha kwamba mgawanyo sawa wa oktavu si kitu kimoja. Upo ule unaokaa katika kipimo na ule unaokaa katika matendo ya wanamuziki, na historia ya uhakiki wa muziki wa Afrika Mashariki imekuwa ikisoma wa kwanza mahali pa wa pili. Buganda ilionekana kuwa na senti 240, kumbe ilikuwa na miko; Ugogo ungeweza kuwekewa senti hizo hizo kwa jina la Uafrika, na ungepoteza tofauti za jozi zake zote tano. Kilosa na Mikumi zipo mahali ambapo kosa lolote kati ya haya mawili linaweza kufanyika kwa urahisi, na tasnifu zitakazoandikwa huko zitasomwa na watu ambao hawatawasikia waimbaji. Hazina kama hii iko wazi kwa wote, wakiwemo walimu wa kwaya wa Kilosa wenyewe. Herufi iliyokosewa leo katika nukuu ya wimbo wa bibi mmoja itafundishwa kesho kwa wajukuu zake kama ndiyo aliyoiimba.